Siku za kuwasha mtambo zisiguswe

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lako lililopita nilisoma habari ya kiwanda kilichomaliza matengenezo yake makubwa siku 4 kabla ya tarehe iliyopangwa. Mwandishi alizihesabu siku hizo kuwa faida tupu, na uongozi ukamwagiwa sifa. Mimi ni mpangaji wa matengenezo ya mitambo. Nilianza nikiwa fundi bomba, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 19. Naomba nafasi niulize swali ambalo habari ile haikuuliza: siku hizo 4 zilipunguzwa wapi?

Kama zilipunguzwa katikati ya kazi, kwa sababu vipuri vilikuwa stoo mapema, majukwaa yalijengwa kabla mtambo haujazimwa na kreni haikukaa ikisubiri, basi wahusika wanastahili pongezi zote walizopewa, na zaidi. Lakini kama zilipunguzwa mwishoni, katika siku za kupima mivujo, kuondoa mabamba yaliyoziba mabomba, kuhakiki vipimo na kupasha mtambo joto polepole, basi watu wa zamu waliwekwa hatarini. Ukitazama kalenda peke yake huwezi kuona tofauti kati ya hali hizo mbili.

Viwanda vya kusafisha mafuta, vya mbolea na vya kemikali havizimwi jioni na kuwashwa asubuhi. Huenda usiku na mchana kwa miaka 3, 4, hata 6. Mambo mengi hurekebishwa humohumo mtambo ukiwa unafanya kazi, kwa mfano pampu hufunguliwa kwa sababu pembeni yake ipo nyingine ya akiba. Lakini huwezi kuingia ndani ya mnara uliojaa mvuke wa petroli, wala kuchomoa mirija ya kibadilisha joto, chombo kinachohamisha joto kutoka kimiminika kimoja hadi kingine, ikiwa na mafuta ya nyuzi 300. Kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa mtambo mzima husimamishwa, hutolewa shinikizo, husafishwa kwa mvuke na nitrojeni, hufunguliwa, hukaguliwa, hutengenezwa, hufungwa na kuwashwa tena. Sisi tunaiita shatidauni. Kwa wiki 4 au 5 watu uwanjani huwa mara kadhaa ya wale wa kila siku, na wengi wao ni wa wakandarasi ambao eneo lile wanaliona kwa mara ya kwanza.

Ukiuliza shatidauni huanza lini, wengi watakutajia siku ya kuzima. Kwa mpangaji, siku hiyo iko karibu na mwisho wa kazi yake. Kwenye kiwanda kikubwa maandalizi huanza mwaka mmoja na nusu kabla, wakati mwingine miaka 2. Sababu moja ni vipuri. Fungu jipya la mirija la aloi maalumu, au rota ya kompresa, linaweza kumchukua mtengenezaji mwaka mzima, na ukichelewa kuagiza hakuna fedha itakayoliharakisha. Sababu ya pili, na ndiyo inayonikosesha usingizi, ni orodha ya kazi.

Kila idara huleta zake. Wakaguzi wana vyombo vilivyofika wakati wa kufunguliwa. Kanuni ya API 510 ya Taasisi ya Petroli ya Marekani, inayofuatwa katika nchi nyingi, haitaki chombo cha shinikizo kipite miaka 10 au nusu ya maisha yake yaliyobaki, kipindi chochote kilicho kifupi, bila kukaguliwa. Waendeshaji wana valvu zisizofunga sawasawa. Wahandisi wana maboresho waliyoyangoja tangu shatidauni iliyopita. Wote wana hoja. Kazi ya mpangaji ni kuichukua kila moja na kuuliza kama kweli haiwezi kufanyika mtambo ukiwa unaenda, kisha, kati ya miezi 9 na 6 kabla ya kuzima, orodha ifungwe. Baada ya hapo kazi mpya iingie kwa saini ya mkuu wa kiwanda tu, akiwa amewekewa mezani saa itakazokula na hatari itakazoleta. Mahali pengi nilipofanya kazi tarehe hiyo imeandikwa kwenye waraka, na karibu kila mahali nimeshuhudia ikivunjwa.

“Ni valvu moja tu.” Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Valvu moja inataka mchoro, mabamba mawili ya kutenga bomba lake, kibali cha kazi, jukwaa, gasketi ya kipimo na daraja sahihi la shinikizo, boliti zake, mafundi wa kuifunga, pengine mchomeleaji, na kama pana kiungo kipya kilichochomelewa, picha ya mionzi ambayo wakati wa kuipiga kila mtu lazima aondoke eneo lile. Inataka pia mistari yake kwenye daftari la mabamba, linaloandika kila bamba lililowekwa na lililotolewa. Kazi iliyoingia mapema hupata vyote hivyo kwa utulivu. Iliyoingia usiku wa manane katika wiki ya tatu huvipata kwenye kipande cha karatasi mfukoni mwa msimamizi.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Miaka mingi iliyopita, katika kiwanda ambacho sitakitaja, tulikuwa na siku 5 za kuwasha. Tulipofungua kibadilisha joto kimoja tukakuta mirija imeliwa kuliko ilivyotabiriwa, na siku 3 zikaenda huko. Tarehe ya kuanza kuuza bidhaa ilikuwa imeshatangazwa, kwa hiyo siku 5 zikawa 2. Katikati ya pilikapilika hizo iliongezwa kazi ndogo kwenye valvu ya usalama, ile inayofunguka shinikizo likizidi, ya chombo kimoja. Bamba likawekwa upande wa bomba linalopeleka gesi kwenye mwenge, mnara wa kuchomea gesi ya ziada. Kazi ikafanyika vizuri, msimamizi wa mkandarasi akaondoka na watu wake kwenda kiwanda kingine, na karatasi yake ikaondoka naye. Kwenye daftari langu bamba lile halikuwamo. Mimi ndiye niliyesaini kwamba mabamba yote yametoka.

Aliyetuokoa ni mwendeshaji mmoja mtu mzima, aliyekataa kuamini karatasi na kuamua kulifuata kila bomba kwa miguu, tochi mkononi. Akauona mkia mwekundu wa bamba umejitokeza kati ya flanji mbili, yaani pete za kuunganishia mabomba kwa boliti, juu ya kichwa chake. Tungepandisha shinikizo, valvu ile ingefunguka na gesi isingekuwa na pa kwenda. Sikulala usiku ule. Na kinachonisumbua hadi leo ni kwamba ratiba ya siku 2 haikuwa na hata saa moja ya mtu kutembea vile. Mzee yule aliitumia saa yake ya kupumzika.

Dunia ina mifano mikubwa kuliko wangu. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilikuwa imeondolewa valvu yake ya usalama kwa matengenezo, na taarifa hiyo haikuifikia zamu ya usiku. Pampu nyingine ilipogoma wakaiwasha ile. Watu 167 walikufa. Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha kampuni ya BP huko Texas City, Marekani, mtambo uliokuwa umesimamishwa kwa matengenezo ulikuwa unawashwa. Ukaguzi wa usalama unaotakiwa kabla ya kuwasha haukufanyika. Mnara ulijazwa kimiminika kupita kiwango ambacho kipimo chake kingeweza kusoma, na kengele ya pili ya tahadhari haikulia. Waendeshaji walikuwa wamefanya kazi saa 12 kwa siku, kwa siku 29 au zaidi mfululizo. Na umbali wa mita 37 hivi kutoka kwenye bomba lililotapika mafuta palikuwa na vibanda vya ofisi vya wakandarasi, waliokuja kwa ajili ya matengenezo ya mtambo wa jirani. Watu 15 walikufa, wote ndani au karibu na vibanda hivyo, na 180 hivi wakaumia.

Ninapoisoma ajali ya Texas City naona mambo ya mpangaji: vibanda viwekwe wapi, watu wapumzike lini, nani asaini kabla ya kuwasha, nani awe mbali wakati wa kuwasha. Yote hayo huamuliwa mezani, miezi mingi kabla, na hakuna hata moja linalohitaji teknolojia mpya.

Mtu asidhani napinga kasi. Hesabu tunayoitumia kupanga shatidauni, ile ya kutafuta mnyororo wa kazi zinazobeba tarehe ya mwisho, ilibuniwa mwaka 1957 na watu wa makampuni ya Marekani ya DuPont na Remington Rand, na mwaka 1959 ilijaribiwa kwenye matengenezo ya kiwanda cha DuPont mjini Louisville, Kentucky. Muda wa kusimama ulishuka kutoka saa 125 hadi saa 93. Huo ni ufupishaji wa kweli. Hawakumkimbiza kila mtu. Walitambua ni kazi zipi chache zinazoshikilia zote, wakazipa hizo watu na vifaa, na nyingine wakaziacha ziende mwendo wake. Saa zilizookolewa kwa njia hiyo sina neno nazo.

Ninachoomba kwa wenye viwanda ni kwamba siku za kuwasha zitengwe kwenye ratiba kwa jina lake, na ziwe mali ya mkuu wa uendeshaji, si ya msimamizi wa matengenezo wala ya idara ya mauzo. Matengenezo yakichelewa siku 3, tarehe ya kuwasha isogee siku 3, na atakayetaka kuzichota siku hizo aandike jina lake na sababu yake. Mikataba inayomlipa mkandarasi bonasi kwa kumaliza mapema ihesabu hadi vyombo vinapofungwa na kupimwa, basi; bonasi isiingie kabisa kwenye kuwasha. Na walioziba mabomba wasiruhusiwe kuondoka uwanjani mpaka bamba la mwisho limetoka na kuhesabiwa mbele yao. Hili la mwisho lina gharama, najua, maana mafundi watalipwa siku mbili tatu wakiwa wamekaa. Nimewahi kulipigania kwenye vikao na nikashindwa, na nitaendelea kulipigania.

Tarehe ya kurudi kazini nayo isitangazwe kwa wateja kabla vyombo vikubwa havijafunguliwa na kukaguliwa. Kabla ya hapo hakuna mtu, awe na uzoefu wa namna gani, anayejua atakachokikuta ndani.

Sijui kilichotokea katika kiwanda kile mlichokiandika, na huenda watu wake walifanya kila kitu kwa haki. Mwandishi wako akipata nafasi ya kurudi huko, aombe kuonyeshwa daftari la mabamba, atazame saini ya mwisho iliwekwa saa ngapi, kisha aulize mtambo ulianza kupashwa joto saa ngapi.

Wako,
Mpangaji wa matengenezo ya mitambo