Soya na saratani: mmeruka matokeo muhimu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu soya kuzuia saratani imeishia kwenye majaribio ya panya. Ann Kennedy wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichunguza kizuizi cha Bowman-Birk, protini ndogo ya soya yenye amino asidi 71 inayozima vimeng'enya viwili vya kusaga protini, tripsini na kaimotripsini. Lengo lilikuwa kuzuia uvimbe wa saratani usianze, si kutibu uliokomaa. Kwa watu wenye mabaka meupe kinywani, ambayo huweza kugeuka saratani, jaribio la awali la kizuizi hicho lilitia moyo. Lakini jaribio la nasibu (la kugawa washiriki kwa bahati) lililochapishwa 2013 halikuonyesha tofauti kati yake na mchanganyiko usio na dawa. Hilo, kwa maoni yetu, lilistahili aya ya kwanza. Tena, kuchemsha soya huharibu sehemu kubwa ya kizuizi hicho, na kuila mbichi huvuruga usagaji wa protini.

Wasomaji wenu