Bei ya mafuta mnatupa kila mwezi, na filta je?

Mhariri,

Kila tarehe 14 ya mwezi husubiri gazeti lenu la kesho yake kama mtahiniwa anavyosubiri matokeo. EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, imesema nini? Petroli imepanda? Dizeli je? Mnatupa bei ya Nairobi, ya Mombasa, ya Kisumu, hadi senti. Ninashukuru. Lakini miaka yote niliyosoma ukurasa huo sijaona hata aya moja kuhusu yanayoyapata mafuta hayo yakishaingia kwenye tangi, na hasa kuhusu kidude kimoja cha ukubwa wa kopo la kakao ambacho nusura kinikoseshe kazi. Nazungumzia filta ya mafuta.

Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka 31, kwa hiyo moyo unanisukuma niseme chujio, au kichungi. Ila nenda Kirinyaga Road ukaitishe chujio la gari uone wanavyokutazama. Watakuelekeza kwa wauza vyombo ukanunue la chai. Nitasema filta.

Nilipostaafu nilimega kiinua mgongo nikanunua Hiace ya dizeli iliyokwisha kutumika Japani, kama yalivyo magari mengi ya hapa mjini. Asubuhi na jioni nabeba watoto kumi na watatu kutoka Kangemi hadi shuleni upande wa Kinoo. Jumamosi nabeba waombolezaji au maharusi, kadiri Mungu anavyopanga ratiba. Kila shilingi inayoingia kwenye gari hilo naiandika kwa kalamu nyekundu katika daftari, tarehe upande wa kushoto, kilomita upande wa kulia. Kila kilomita 5,000 nalipeleka sevisi. Nilijiona mmiliki wa mfano.

Basi mvua za masika zilipoanza, gari likaanza kunigomea. Kwenye tambarare halina neno. Likifika pale Waiyaki Way inapoanza kupanda kuelekea Uthiru, nakanyaga mafuta hadi sakafuni nalo linazidi kunywea, kama mtoto aliyeitwa ubaoni na hakufanya kazi ya nyumbani. Asubuhi moja lori la kokoto lilinipita. Halafu akanipita bodaboda aliyebeba kitanda cha mbao, mteja wake amekikumbatia kwa nyuma. Msichana wa darasa la tatu akauliza kwa adabu zote, "Mwalimu, tushuke tusukume?" Niliegesha kando, nikazima. Baada ya dakika tano nikawasha, likapata nguvu likatufikisha. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa wazazi wakaanza kupiga simu.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake ya kompyuta, akasoma, akatikisa kichwa. Presha ya mafuta iko chini. Kwa hiyo, akasema, pampu imekufa. Alitaka shilingi 85,000. Wa pili akasema si pampu, ni nozo, zile pua zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini, zote nne, 22,000 kila moja. Mashine haikudanganya, Mhariri. Presha ilikuwa chini kweli. Ila kutoka hapo hadi pampu imekufa ni mruko mkubwa. Ni sawa na kumkuta mtoto amesinzia darasani ukamwandikia dawa ya malaria kabla hujamuuliza kama alikula jana usiku.

Wa tatu ni mzee mmoja mwenye gereji ya mabati huko Kawangware, mtu asiye na kompyuta wala haraka. Hakufungua chochote. Aliniuliza, "Mwalimu, filta ya dizeli ulibadilisha lini?"

Nikafungua daftari kwa majivuno. Sevisi 11. Oili mara 11, filta ya oili mara 11, filta ya hewa mara nne, pedi za breki mara tatu, hata wiper zimo. Filta ya dizeli, hamna. Nikarudi mwanzo nikapitia tena kwa kidole. Hamna. Nilijihisi kama mwalimu aliyetembelewa na mkaguzi akakuta madaftari hayajasahihishwa tangu muhula wa kwanza.

Mzee alicheka kidogo tu. Akaniambia mteja wa Nairobi akisema sevisi huwa anamaanisha oili, na fundi naye hufanya alichoambiwa. Hakuna anayeiba hapo. Ni kwamba filta ya oili inafuatana na oili, ile ya mafuta haifuatani na kitu, basi inakuwa yatima.

Alilaza kiti cha mbele, maana injini ya Hiace iko chini ya viti. Alipoifikia filta akalegeza kizibo cha chini yake, akakinga chupa ya soda ya plastiki. Ikatoka kama glasi moja na nusu. Akaiweka juu ya kipande cha mbao, akaniambia nisiiguse. Tulikunywa chai. Tuliporudi, ndani ya chupa palikuwa na mstari, mnyoofu kana kwamba umepigwa kwa rula. Juu dizeli, rangi ya chai ya mkandaa. Chini maji, kimo cha vidole viwili, na punje za kutu zimetulia kitakoni. Maji ni mazito kuliko dizeli, ndiyo maana hukaa chini, na filta ya dizeli imeumbwa hivyo makusudi, iyakamate hapo chini mpaka mtu aje kuyamwaga. Yakipita yakafika kwenye pampu na nozo, vyuma vile vilivyosuguliwa kwa ustadi hushika kutu na kulika, na hapo ndipo zile 85,000 zinapokuwa deni la haki.

Nikauliza, si kuna taa kwenye dashibodi ya kunionya? Ipo. Mzee alinionyesha waya wa sensa, kile kitambuzi cha maji, ukining'inia. Kuna fundi aliwahi kuuchomoa, pengine taa ilimkera mwenye gari kabla yangu.

Filta kuukuu aliikata kwa msumeno wa chuma, akaikunjua ile karatasi ya ndani. Ikiwa mpya, karatasi hiyo ni ya manjano hafifu, imekunjwakunjwa kama feni ya mkononi. Yangu ilikuwa nyeusi kama sufuria iliyopikiwa kuni, na ukiigusa inateleza kama bamia. Hapo ndipo nilipoelewa kisa cha mlima. Gari likiwa tambarare, injini inaomba mafuta kidogo, na hicho kidogo kinapenya. Kwenye mlima inaomba mengi na njia imeziba. Ukizima, taka zilizovutwa zikabana kwenye karatasi zinalegea na kutulia, ndiyo maana baada ya dakika tano lilikuwa linaamka. Injini hizi za dizeli za siku hizi husukuma mafuta kwa presha inayozidi bar 1,000, kupitia vitundu ambavyo macho yangu ya miaka 62 hayavioni hata kwa miwani. Chembe ya vumbi huko ni jabali.

Kazi yenyewe haikufika saa moja. Alihamisha sensa kwenye filta mpya, akaweka mpira mpya, akaupaka dizeli kidogo, akakaza. Kijana wake alitaka kuijaza filta mpya kwa dizeli ya kopo ili gari liwake upesi. Mzee akamkemea: ukimimina mafuta ambayo hayajachujwa kwenye upande uliokwisha kuchujwa, umebadilisha nini sasa? Akatumia ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta, akaibonyeza, akaibonyeza, hadi ikawa ngumu na hewa yote ikatoka. Injini ikakohoa mara mbili, ikashika. Filta 1,800, kazi 700. Jumla nimeiandika kwenye daftari nikaipigia mistari miwili: 2,500.

Sasa bei, kwa kuwa najua wasomaji wenu. Kirinyaga Road filta hiyohiyo, kwa maana ya boksi hilohilo na maandishi hayohayo, nilitajiwa 600 upande huu wa barabara na 1,800 upande wa pili. Nilitaka ya 600, mimi ni mstaafu. Mzee alinitolea debe la rangi alimohifadhi filta zilizokatwa, akanipa mbili, moja halisi na moja bandia. Nilihesabu mikunjo, kazi ya mwalimu ni kuhesabu. Halisi ilikuwa na 68. Bandia ilikuwa na 37, imepinda ovyo, na gundi imeachia upande mmoja, pengo la kupitisha kijiti cha kiberiti. Mafuta hayana ujinga wa kupita kwenye karatasi wakati mlango uko wazi.

Jirani yangu ana Vitz ya petroli. Nilipomsimulia haya alitabasamu, akasema gari lake halina filta, fundi alimhakikishia. Inayo, Mhariri. Katika magari mengi madogo ya Japani ya miaka hii filta haiko tena chini ya boneti wala chini ya gari. Imeingizwa ndani ya tangi, pamoja na pampu, na mara nyingi hufikiwa kwa kuinua kiti cha nyuma. Kutoonekana si kutokuwapo. Hudumu zaidi kuliko ya dizeli, hilo kweli, lakini ikiziba pampu hujikakamua hadi iungue. Jirani huyo pia hujaza mafuta ya mia tano mia tano, taa ya mafuta ikiwaka kwake ni pambo. Watu humwonya kwamba atavuta taka za chini ya tangi. Hayo hayana uzito sana, kwa sababu pampu hufyonza kutoka chini siku zote, tangi lijae lisijae. Ubaya ni kwamba pampu hupozwa na petroli iliyoizunguka, na pale pa mia tano haina cha kuogea.

Na anayejifunza kazi hii kwa kutazama simu, tafadhali. Petroli kwenye magari ya injekta hubaki na presha ndani ya mpira hata injini ikizimwa. Ukifungua klipu kwa pupa itakurukia machoni, na ikiangukia chuma cha moto hutakuwa na habari ya kusimulia. Kwanza huchomolewa fyuzi ya pampu, gari likawashwa hadi lizime lenyewe, kisha terminali hasi ya betri ikatolewa. Na mshale ulio kwenye filta huelekea injini. Gereji ya pili niliyokwenda, kijana alikuwa chini ya Probox akifungua mpira wa petroli, sigara iko nyuma ya sikio. Haikuwa imewashwa, lakini niliondoka.

Maji yale yalitoka wapi? Nina kituo ninachokishuku, nilijaza hapo siku mbili baada ya mvua kubwa, lakini sina ushahidi wa kusimama nao kortini, basi sitakitaja. Yawezekana pia yalijikusanya kidogo kidogo miaka yote hiyo, maana hewa ndani ya tangi lisilojaa hutoa jasho usiku wa baridi. Wengine huniambia kisa ni dizeli kuchanganywa na mafuta taa. Najua uchanganyaji ulikuwapo, ndiyo maana mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida yake. Ila watu wasijidanganye hapo: filta hunasa taka na maji, haitenganishi mafuta taa na dizeli. Hayo yakishachanganywa yanapita moja kwa moja na kuinyima pampu ulaini wake. Hilo ni la wakaguzi, si la mzee wa Kawangware.

Ombi langu kwenu ni dogo. Siku ile ya bei, chini ya jedwali, tengeni pembe ya aya tatu za matunzo ya gari, zilizoandikwa na fundi anayechafuka mikono. Na nyinyi mafundi, ile stika mnayobandika kwenye kioo, ya kilomita za sevisi ijayo, ongezeni mstari wa filta ya mafuta. Vitabu vya watengenezaji hutofautiana. Mzee wangu kwa dizeli huhesabu kilomita 20,000, na maji huyamwaga kila sevisi. Nanyi wenye magari, mkibadilishiwa, itisheni ile ya zamani muishike kwa mkono wenu. Nimegundua mafundi wazuri hawaudhiki.

Ile chupa ya soda ninayo bado, nje kwenye kibaraza, mbali na jiko, na mstari wake haujatibuka. Mkitaka kumtuma mpigapicha wenu nipo Kangemi kila siku, isipokuwa saa kumi na moja unusu alfajiri hadi saa mbili, na saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, ambapo nitakuwa nikipanda mlima wa Uthiru kwa gia ya tatu.

Mwalimu mstaafu,
Kangemi, Nairobi