Barua kwa vijana wa bodaboda, Busia: betri ni ya nani?

Wanangu,

Nasikia mnabishana pale steji kuhusu pikipiki za umeme na programu za simu zinazoita abiria. Wengine mnazingoja kwa hamu, wengine mnasema zitawamaliza. Mimi niliyebeba watu kwa baiskeli hapa mpakani nina neno.

Kazi yenu ilizaliwa huku kwetu mpakani miaka ya 1960. Kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya palikuwa na kipande cha njia ambacho abiria walikikata kwa miguu, mizigo kichwani, jua likiwaka. Vijana wenye baiskeli wakaanza kuita: "Boda! Boda!", mpaka hadi mpaka. Baiskeli ile ilitengenezwa ng'ambo kwa ajili ya mtu mmoja. Mafundi wa kwetu ndio walioiongezea kiti cha sponji juu ya keria, kwa sababu walijua mama aliyevaa gomesi, lile gauni refu la kina mama, anakaa upande. Chombo kilikuja kigeni, sisi tukakifanya cha kwetu.

Reli haikutupa nafasi hiyo. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901 na Kampala 1931. Njia iliyogharimu fedha nyingi hivyo lazima ipate mzigo, na kodi ya wakoloni ilidaiwa kwa fedha taslimu, basi babu zetu wakasukumwa walime pamba, ambayo mbegu zake ziligawiwa Uganda tangu 1903. Reli iliwasafirisha watu, sikatai. Lakini pia iliingia shambani ikaamua kitakachopandwa.

Kule Kibiro, Uganda, kando ya Ziwa Albert, wanawake wamechuja chumvi kutoka udongoni kwa karne nyingi, na bustani za chumvi, yaani viwanja vya udongo huo, mama humrithisha binti yake. Ujuzi wao, mali yao. Huwa nawakumbuka sana ninapowaza habari yenu.

Maana sisi wa baiskeli tulikosea. Pikipiki zilipotuzidi, hatukuitana hata mara moja. Kila mtu alikimbilia mkopo peke yake. Mimi nilisaini karatasi nisiyoielewa, na pikipiki ikachukuliwa nikiwa nimebakiza malipo machache. Bado inaniuma.

Kwa hiyo ulizeni sasa, kabla ya kusaini. Betri ni ya nani? Kama ni ya kampuni, na kituo cha kubadilishia betri iliyoisha chaji ni kimoja tu, bei ikipanda mtaenda wapi? Programu inakata asilimia ngapi ya nauli, na nani ana uwezo wa kukufungia usipate abiria? Je, sako yenu, chama chenu cha akiba na mikopo, haiwezi kununua betri kumi za kuanzia? Mkienda kama steji nzima, mtasikilizwa. Akienda mmoja mmoja, atapewa kalamu tu.

Jumapili mchana nitakuja steji. Mwenyekiti alete daftari la wanachama, na yeyote aliyepewa mkataba aje nao. Tutausoma mstari kwa mstari, na aliyesoma sheria kati ya watoto wetu nimeshamwomba awepo.

Mzee wenu wa baiskeli