Bamba la nyuma ya bledi likikwamisha mbao, usilitoe: lipange upya

Misumeno mingi ya meza inayofika karakana yetu hapa Mafinga haina lile bamba jembamba la chuma linalosimama nyuma ya bledi. Lilishafunguliwa, na sababu inayotolewa ni moja: linakwamisha mbao. Ni kweli linakwamisha, lakini kosa ni la mpangilio, na mpangilio hurekebishwa kwa spana na rula.

Mbao za huku zinalihitaji bamba hili kuliko nyingine. Paina na mlingoti, hasa ukiwa mbichi, una mkazo ndani yake. Ukiupasua, vipande viwili hupanuka au hujifunga na kuibana bledi. Bledi ya milimita 250 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha za meno yake zinakwenda mita 52 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Meno ya nyuma yanapanda kutoka chini ya meza, kwa hiyo mbao ikiyabana huinuliwa na kurushwa kwa fundi, na mkono uliokuwa ukisukuma unaweza kuvutwa kwenye bledi. Bamba hukaa ndani ya mkato na kuzuia vipande visifungane.

Anza na unene. Bamba linatakiwa liwe nene kuliko mwili wa bledi, na jembamba kuliko mkato wa meno, yaani upana wa njia ambayo meno hukata kwenye mbao. Pima kwa venia (kifaa cha kupimia unene): mwili wa bledi ukiwa milimita 1.8 na mkato 2.6, bamba la 2.2 linafaa. Ukifunga bledi yenye mkato wa 2.2 kwenye bamba hilo hilo, mbao itagoma hata upange vipi. Bledi ya chuma isiyo na ncha ngumu ina mtego wake: ikinolewa mara kadhaa bila meno kutanuliwa tena kulia na kushoto, mkato hupungua, na lawama hubebeshwa bamba.

Kabla ya kugusa bamba, chomoa waya wa umeme (swichi peke yake haitoshi) na hakikisha bledi iko sambamba na mfereji wa mezani. Weka chaki kwenye jino moja, pima umbali wake hadi mfereji likiwa mbele, lizungushe hadi nyuma, upime tena. Tofauti ikizidi milimita 0.2, rekebisha hapo kwanza, maana bamba hufuata bledi.

Sasa laza rula iliyonyooka iguse meno ya mbele na ya nyuma, ipite hadi kwenye bamba. Kwa vipimo vile vya juu, nafasi kati ya rula na bamba ni milimita 0.2 kila upande, sawa na karatasi mbili za kawaida za kuchapia. Upande mmoja ukipitisha nne na mwingine usipitishe hata moja, legeza bolti na uweke au utoe washa (pete bapa ya chuma ya bolti) nyembamba. Kagua juu na chini, kwani bamba lililopinda husoma sawa mahali pamoja tu. Likipinda, badilisha.

Umbali wa bamba kutoka kwenye meno uwe milimita 3 hadi 8. Zaidi ya hapo mbao hupata nafasi ya kujifunga kabla ya kulifikia. Kwa bamba linalopanda na kushuka na bledi, ncha ya juu iwe chini kidogo ya kilele cha bledi, milimita 2 hivi.

Fensi, ile kingo ya mezani inayoiongoza mbao, nayo husahaulika. Unapopasua mbao kwa urefu, mwisho wa mbali wa fensi usipite sana katikati ya bledi. Ikiendelea hadi nyuma, mbao inayopanuka hukosa pa kwenda na kusukumwa kwenye meno. Funga kipande cha ubao ulionyooka juu ya fensi, kiishie hapo. Sentimita 30 za mwisho sukuma kwa kijiti, kamwe si kwa vidole.

Ukituletea mashine kupangwa, njoo na bledi zote unazotumia. Bamba linaloifaa moja huenda likaikwamisha nyingine.