Bata aliyepona asitupwe kundini kwa siku moja

Mhariri,

Ukurasa wenu wa ufugaji wa wiki mbili zilizopita ulieleza vizuri namna ya kutibu kidonda cha bata. Niliusoma mara mbili. Kilichonifanya nishike kalamu ni mstari wa mwisho, ule unaosema akishapona arudishwe kundini. Basi, hakuna zaidi. Ni maneno machache mno kwa jambo lililotaka kuniulia bata wangu.

Nafuga bata wa kienyeji hapa Kihonda, Morogoro, hawa wenye nyama nyekundu usoni na wasiopiga kelele. Mwezi Juni walikuwa wanane, madume wawili na majike sita. Jike mmoja tunamwita Madoa kwa mabaka meusi ya kifuani. Mbwa aliingia alfajiri akamng'ata paja. Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nikamweka barazani kwenye boksi la nyasi kavu na kumfunika kwa chandarua kikuukuu, maana nzi akishataga kwenye kidonda haichukui muda utakuta funza. Siku ya 23 kidonda kilikuwa kimefunga na anatembea bila kuchechemea.

Jumapili mchana nikamtia uani wenzake wakiwa wanakula. Nilidhani watamfurahia. Jike mkubwa alimwendea moja kwa moja akamkamata kisogo, wengine wakafuata, na madume wote wawili wakampanda kwa zamu mpaka akalala kifudifudi. Nilipomtoa, kisogo kilikuwa kitupu, manyoya yametapakaa, na paja limefunguka upya. Nililia, wala sioni haya kulisema hilo.

Jirani yangu, bibi aliyelelewa kwenye nyumba ya bata, alikuja jioni ile. Akaniambia, "Mwanangu, ulimficha. Sasa kwao ni mgeni." Ndivyo ilivyo. Bata wana ngazi zao, kila mmoja anajua anampisha nani na nani anampisha yeye. Ukimwondoa mmoja wiki tatu, nafasi yake inazibwa. Na mgeni mwenye damu au ngozi iliyo wazi hudonolewa papo hapo palipo wazi.

Mara ya pili sikumweka barazani. Nilikata pembe ya uani kwa wavu wa kuku, upana wa hatua tatu, nikamweka humo awaone wenzake na wao wamwone. (Hili nalifanya kwa jeraha tu. Bata mwenye ugonjwa wa kuambukiza hukaa mbali kabisa.) Chakula chao, pumba, mashudu na dagaa kidogo, nilikiweka pande zote mbili karibu na wavu ili wale wakiangaliana. Siku za kwanza jike mkubwa alikuwa akiurukia wavu kwa hasira. Kufikia siku ya tano alikuwa analala ubavuni mwa wavu, Madoa upande wa pili. Hata hivyo nilisubiri manyoya ya kisogo yaote yote.

Maji nayo yana lake. Bata lazima apate beseni la kuzamisha kichwa kizima, la sivyo macho na pua vinaziba uchafu. Lakini aliyekaa muda mrefu pakavu manyoya yake hupoteza ule uwezo wa kuzuia maji, na akiingia bwawani ghafla analowa mpaka ngozini. Baridi ya Julai hapa, ikishuka kutoka Uluguru, ingemmaliza. Nilimwogesha dakika chache kila siku saa sita za jua, akajichana na kujipaka mafuta ya pale juu ya mkia, hadi nikaona matone yanateleza mgongoni.

Siku ya kumchanganya ilipokaribia, kwanza nilimtoa dume mmoja, nikampa mdogo wangu wa Mkundi. Madume wawili kwa majike sita ni wengi, hata asingekuwepo mgonjwa. Aliyebaki nilimfungia kando kwa siku nne. Kisha nikamwingiza jike mpole kuliko wote akakaa na Madoa siku mbili, ili asirudi peke yake. Jioni, jua likikaribia kuzama, nikaondoa wavu. Niliweka vyombo viwili vya chakula mbali mbali na kuegemeza ubao ukutani apate pa kujificha. Jike mkubwa alimdonoa mara mbili, Madoa akainamisha kichwa akapita. Nilikaa kwenye kigoda mpaka giza likaingia. Asubuhi niliwakuta wamekaribiana wote, wanatikisa vichwa huku manyoya ya utosi yamesimama, ile salamu yao.

Mhariri, wapo watu waliomtibu bata kwa mwezi mzima kisha wakamchinja kwa sababu wenzake wamemkataa. Naomba ukurasa wenu urudi kwenye jambo hili na kulipa nafasi, hasa kwa mwenye bata sita au kumi nyuma ya nyumba, asiye na banda la pili.

Madoa anaatamia mayai 12. Bata hawa huatamia siku 35, na leo ni ya 19.

Mama mfugaji,
Kihonda, Morogoro