Aliyeona ufa si mwenye udongo

Mhandisi wangu,

Salamu nyingi, na samahani nyingi zaidi. Barua yako niliisoma siku ile ile iliponifikia, nikacheka peke yangu, nikaiweka juu ya meza ili niijibu kesho. Kesho hiyo imekuwa miezi minne. Utaona mbele kidogo kwamba kuchelewa kwa habari ndiyo mada yangu ya utafiti, kwa hiyo ukinilaumu nitasema nilikuwa kazini.

Uliuliza, "Hivi wewe unasomea nini hasa?" Una haki. Mwanzo nilikwambia elimu, mwaka uliofuata ukanikuta na vitabu vya madaraja, na sasa umesikia nimezama kwenye mnyororo wa ugavi, yaani safari ya bidhaa kutoka kiwandani hadi dukani. Jopo lililosikiliza pendekezo langu lilikuwa na swali hilo hilo, ila halikuuliza kwa upole wako. Mjumbe mmoja alifunga kabrasha lake akasema mshika mbili moja humponyoka, na huyu ameshika tatu. Nilirudi chumbani nimenuna. Baada ya siku mbili nikakubali kimoyomoyo kwamba kosa lilikuwa langu: nilieleza fani tatu badala ya kueleza swali moja. Acha nijaribu upya kwako, maana wewe huoni tabu kuniambia nimepotea.

Naanza na upande wako. Daraja la Quebec huko Kanada, lililoanguka likiwa bado linajengwa, mlifundishwa kama kisa cha uzito: nafasi kati ya nguzo ikaongezwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800, kama mita 549, na uzito wa chuma chenyewe haukupigiwa hesabu upya inavyostahili. Sawa. Mimi kilichonikamata ni siku za mwisho. Agosti 1907 walikuta mhimili mmoja wa chini, unaobeba mgandamizo, umepinda. Mpindo wa kama milimita 19 ulikuwa umefika 57 kwa muda mfupi. Wakabishana pale pale. Wengine wakasema chuma hicho kilikuja kimepinda tangu mwanzo. Mkaguzi kijana akasafiri hadi New York kumwona Theodore Cooper, mhandisi mshauri, mzee ambaye afya haikumruhusu tena kufika kwenye kazi yake mwenyewe. Cooper akaelewa. Tarehe 29, mchana, akapeleka telegramu kwamba uzito usiongezwe. Lakini hakuipeleka Quebec. Aliipeleka kwenye ofisi ya watengenezaji wa chuma huko Phoenixville, Pennsylvania. Darajani mafundi wakaendelea na kazi, na kabla jua halijazama daraja lilikuwa limeanguka. Wakafa watu 75.

Sote tulikua tukiambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeanza kuiona methali hiyo ina shimo: inadhani aliyeona ufa ndiye mwenye udongo. Quebec aliyeona alikuwa mmoja, aliyeelewa alikuwa mwingine, na mwenye uwezo wa kusimamisha kazi alikuwa wa tatu, kila mmoja katika mji wake. Hesabu mbaya ilikuwepo kwa miaka. Kilichowaua wale watu jioni ile, naona mimi, ni safari ndefu ya habari.

Usiniambie hayo ni mambo ya zama za telegramu. Agosti 1, 2007, karibu miaka 100 kamili baadaye, daraja la barabara ya I-35W huko Minneapolis, Marekani, lilianguka, wakafa watu 13. Wachunguzi walikuta mabamba ya kuunganishia mihimili, kwenye maungio muhimu, yalikuwa na nusu tu ya unene uliotakiwa; kosa la michoro ya miaka ya 1960. Na zilikuwepo picha za mwaka 2003 zinazoonyesha mabamba hayo yamebonyea! Ufa ulipigwa picha, ukawekwa kwenye faili. Daraja lililojengwa mahali pake lina vihisi, vile vifaa vya kupima hali yake, zaidi ya 300, na wewe najua utavishangilia. Mimi naishia kuuliza nani anayesoma vipimo vyake saa nane za usiku, na akishasoma anaruhusiwa kufanya nini.

Sasa ugavi. Kuna mchezo uliozaliwa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, kutokana na kazi ya profesa Jay Forrester, wanauita mchezo wa bia. Mnakaa wanne: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda. Hakuna kuzungumza, oda tu zinapita kwenye vikaratasi, na kila oda hukaa wiki kadhaa za mchezo kabla ya kuzaa mzigo. Wateja wanataka kreti 4 kwa wiki. Ghafla wanataka 8. Basi, wanabaki kwenye 8 mpaka mwisho. Hakuna kingine kinachobadilika. Tulipocheza darasani mimi nilikuwa kiwanda. Kwanza nilikaa bila kazi, kisha oda zikanijia kama mafuriko, nikazalisha kama kichaa, halafu kimya, na mimi nimezungukwa na kreti ambazo hakuna anayezitaka. Nilikuwa tayari kuapa kwamba wateja walikuwa wanapanda na kushuka. Mwalimu alipofunua karatasi ya mahitaji, nikaona 4, kisha 8, 8, 8, nilitamani kuingia chini ya meza.

Faraja yangu ni kwamba si mimi peke yangu. Mtafiti John Sterman alichapisha mwaka 1989 uchambuzi wa michezo mingi ya namna hiyo, akakuta kwamba gharama za timu, za kulaza mzigo na za kuukosa, kwa wastani zilikuwa karibu mara kumi ya zile zinazowezekana. Sababu kuu ni ya kibinadamu kabisa: mtu anasahau mzigo alioagiza ambao bado uko njiani. Haoni matokeo, anaagiza tena. Na wachezaji, kama mimi, humaliza wakiwalaumu wateja. Jambo hili la mtikisiko mdogo dukani kuwa mkubwa kiwandani wataalamu wanalifananisha na mjeledi: mkono unacheza kidogo, ncha inaruka.

Hapa ndipo wauzaji wa teknolojia wanapoingia na dawa. Tangu alama za mistari za kwenye paketi zianze kusomwa kwa mashine kaunta, mwaka 1974, ahadi ni moja: habari ikifika mara moja kwa wote, mjeledi utatulia. Kuna ukweli ndani yake. Lakini watafiti Rachel Croson na Karen Donohue, mwaka 2006, walichezesha mchezo huo kwa watu waliokwisha kuelezwa waziwazi mahitaji yatakuwa ya namna gani, na mjeledi ukapiga vilevile. Kuwaonyesha akiba ya wenzao kulisaidia, hakukumaliza. Halafu tazama TradeLens, mfumo wa kufuatilia makontena ambao Maersk, kampuni ya meli za mizigo, na IBM, kampuni ya kompyuta, waliuanzisha mwaka 2018 kwa teknolojia ya blokicheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na wengi kwa pamoja. Novemba 2022 wakatangaza kuufunga, wakisema ushirikiano wa sekta nzima duniani haukupatikana. Mashine zilikuwepo. Sishangai sana: nani anakabidhi siri za shehena yake kwenye mfumo ulioanzishwa na mshindani?

Umechoka? Vumilia, sasa naja kwenye elimu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Daraja likianguka lina mshindo. Ghala likijaa, mtu wa fedha atapiga kelele kabla mwezi haujaisha. Mtoto asipojifunza, kimya. Anavuka darasa, na anayekuja kuuona ufa ni mwalimu wa miaka mitatu mbele, ambaye si yeye aliyejenga. Tena hata ukipima, jibu linategemea umepima lini. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi kifungu wakisome. Kundi moja likakisoma tena, jingine likajaribu kukikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, wenzao 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: 42 kwa 56. Fikiria mwalimu anayetoa jaribio mwisho wa kipindi. Anaona kwa macho yake kwamba kurudia kusoma kunafaa zaidi, na anaondoka na ushahidi wa kosa.

Na wiki si kitu. Mwaka 1985 jimbo la Tennessee huko Marekani lilianza jaribio kubwa, watoto zaidi ya 11,000 wakigawanywa kwa bahati nasibu katika madarasa madogo na makubwa. Mwaka 2011 mwanauchumi Raj Chetty na wenzake wakachapisha walichokipata baada ya kuunganisha majina ya watoto wale na kumbukumbu za kodi zao ukubwani. Faida ya darasa zuri la chekechea ilififia kwenye mitihani ya miaka ya katikati, ikajitokeza tena kwenye kipato walipofika kama miaka 27. Habari ya kile alichokifanya yule mwalimu wa chekechea ilitumia zaidi ya miaka 20 njiani. Kwa lugha ya mchezo wetu, sisi katika elimu tunaagiza upya kila mwaka, mtaala mpya, mbinu mpya, na mzigo wa kwanza bado uko baharini.

Basi swali langu ni hilo. Kati ya kuonekana kwa ufa na kufika kwa udongo panapita nini, na kwa nini panapita kwa muda mrefu hata pale ambapo waya upo? Darasani nina data, japo ngumu. Upande wa ugavi nina michezo 40 tuliyorekodi hapa chuoni. Kwenye miundo sina kitu ila vitabu vya maafa, na maafa yananidanganya, kwa sababu yanahifadhi zile habari zilizochelewa tu. Nataka na zile zilizofika kwa wakati, ambazo hakuna anayeziandikia kitabu.

Ndiyo maana nakusumbua. Katika taarifa zenu za ukaguzi, sitaki majina ya madaraja, sitaki michoro, hata aina ya ufa sina haja nayo. Nitolee tarehe mbili kwa kila ingizo: siku mkaguzi alipoandika, na siku mtu mwingine alipojibu. Zile ambazo hazikujibiwa usiziruke. Acha nafasi ya pili wazi.

Wapenzi wa nyumbani kwako wape salamu, na mwambie mdogo wako kitabu chake ninacho.

Rafiki yako wa meza iliyojaa.