Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Pleti Namba za Wanajeshi Wastaafu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina, na habari za misiba na harusi mnazo tayari. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililokula mikutano yetu mwaka mzima: pleti namba za wanajeshi wastaafu.

Kwa waliojiunga karibuni, pleti hizi za gari, zinazoonyesha kwamba mwenyewe alitumikia jeshi, hazitolewi na serikali kuu ya Marekani. Kila jimbo lina zake na masharti yake. Hapa Texas zipo za matawi ya jeshi, za vita mbalimbali, za wanawake waliotumikia, za Purple Heart (nishani ya waliojeruhiwa vitani), na za Gold Star kwa familia zilizopoteza mtu wao jeshini. Maombi hupokelewa ofisi ya kodi ya kaunti, na hapo dirishani ndipo wengi walipokwama.

Ushahidi wa utumishi ni DD 214, hati unayopewa unapoachishwa jeshi. Mwenzetu mmoja alirudishwa kwa sababu nakala yake ilikuwa na maandishi Member 1 chini ya karatasi. Haikuwa bandia, ila nakala hiyo haisemi uliachishwa kwa heshima au vinginevyo. Inayosema ni Member 4, na kumbe alikuwa nayo nyumbani, ndani ya bahasha moja na vyeti vya chanjo vya watoto. Mwingine jina lake la ukoo liliandikwa vibaya. Huyo alihitaji DD 215, hati ya kusahihisha DD 214. Majina yetu yanawasumbua sana makarani, kwa hiyo kagueni herufi moja moja.

Wazee wana tatizo lao. Tarehe 12 Julai 1973, moto katika ghala la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis uliteketeza mafaili ya utumishi kati ya milioni 16 na 18, mengi yakiwa ya Jeshi la Nchi Kavu kwa walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Baba mkwe wa mwanachama wetu alikuwa miongoni mwao. Utumishi wake ulithibitishwa kupitia hati za malipo ya mshahara, baada ya kungoja sana. Pleti ilipofika alikataa kusaidiwa. Alichukua bisibisi, akapiga goti nyuma ya gari na kukaza parafujo mwenyewe.

Kero iliyozidi zote ni maegesho. Pleti ya DV (Disabled Veteran, mwanajeshi wa zamani mwenye ulemavu) inatolewa kwa mwenye ulemavu wa asilimia 50 au zaidi uliotokana na utumishi, au 40 ikiwa amekatwa mguu. Tangu 1 Januari 2022, pleti hiyo peke yake haikupi ruhusa ya kuegesha kwenye nafasi za walemavu. Lazima iwe na alama ya kiti cha magurudumu, na alama hiyo hupewa mwenye shida ya kutembea iliyothibitishwa. Mita za maegesho za serikali bado hulipii. Wapo waliolalamika, na mmoja alishapigwa faini, lakini mimi naona sheria imekaa sawa: mwenye masikio yaliyoharibiwa na mizinga anaweza kutembea kutoka mwisho wa uwanja, asiye na mguu hawezi.

Kuhusu pleti yenye nembo ya chama chetu, kamati imesema hapana kwa sasa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba Texas ilikuwa na haki ya kuikataa pleti ya Sons of Confederate Veterans, chama cha wazao wa askari wa Confederate (majimbo ya kusini yaliyojitenga kutetea utumwa), yenye bendera ya Confederate, kwa kuwa maneno ya pleti ni kauli ya serikali. Binafsi nilifurahi bendera ile ilipokwama. Ila mlango huo ni mmoja kwa wote, na hata nembo yetu hatuna haki ya kudai ipite. Nguvu zetu ni bora ziende kwa wenye haki ya pleti zilizopo ambao hawajaomba.

Kikao kijacho njooni na DD 214 zenu, katibu atazipitia moja moja. Tafadhali msizipige picha na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp. Nyingi zina namba yako ya Social Security, na mwizi anaweza kuitumia kujifanya wewe.

Mwenyekiti